Kitambaa cha Mama Juu ya Printa

Nilipoacha ualimu nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi pale Chapwa, Tunduma, kwetu Ivuna walisema nimechanganyikiwa. Maneno yakamfikia mama, yakamchoma. Akapanda gari, akaja siku mbili kujionea. Alitaka kitu kimoja tu: arudi na karatasi iliyotoka kwenye mashine yangu, nyimbo za akina mama wa kanisani kwa herufi kubwa, awafunge watu midomo.

Alikuja na zawadi, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kiangazi kizima. Akakitandika juu ya printa, kama kwetu tunavyofunika redio. Nikafurahi, nikakiacha hapo hapo.

Kesho yake gari lake lilikuwa linaondoka saa saba mchana. Kompyuta yangu nilikuwa nimeiwekea mfumo wa Linux, usioshikwa ovyo na virusi, maana flashi za wateja zilijaa virusi, na kuiunganisha na printa ilikuwa shughuli kwelikweli. Asubuhi hiyo nikatuma nyimbo, printa ikavuta karatasi nusu, ikagoma. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaifuta printa, nikaisajili upya, nikatuma ukurasa wa majaribio. Kimya. Nikatuma tena. Na tena. Jamani, jasho lilinitoka!

"Mwanangu," mama akasema kutoka kwenye benchi, "hicho kitambaa..."

"Mama, tafadhali! Hii ni kompyuta, siyo mkeka wa kusuka!"

Niliona aibu papo hapo, lakini mimi nikishapandisha, kushuka ni kazi. Nikaendelea kugonga vitufe.

Saa sita na nusu nikainama kutazama mdomo wa printa. Lahaula! Pindo la kitambaa lilikuwa limemezwa pamoja na karatasi. Nikavuta, wapi. Mama akainuka, akachukua mkasi wa kaunta, akakikata kitambaa chake katikati. Roho iliniuma. Nusu akaiweka kwenye mkoba, nusu nikaichomoa uzi kwa uzi.

Mfumo ulikuwa umeisimamisha printa, nikaandika amri ya kuiamsha, nikatuma nyimbo upya. Ikaanza kutema. Lakini nyimbo zilikuwa mwisho wa foleni. Kurasa zote za majaribio nilizotuma kwa hasira zilitangulia, tena polepole. Gari likapiga honi nje. Mama akachukua ukurasa wa kwanza, wenye duara la rangi na maneno ya Kiingereza, akaukunja ndani ya kanga, akakimbia.

Baada ya mavuno nikampelekea nyimbo zake. Alizigawa zote kanisani. Ule ukurasa wa majaribio ulikuwa sebuleni, kwenye fremu, mikunjo yake ikionekana, na ile nusu ya kitambaa imening'inizwa juu yake. Mgeni akiuliza, mama humjibu, "Kazi ya mwanangu hiyo."

"Mama, nisamehe kwa siku ile," nikamwambia.

"Siku gani?" akasema, akikinyoosha kitambaa. "Nawa mikono, ule."