Sikuzani, Mke Mwenza na Friji ya Dawa

Sikuzani binti Shakuru, wa Buyenzi, ni mjukuu wa Uthmani aliyewashonea kanzu nusu ya wanaume waliokuwa wakienda Ijumaa hapa Bujumbura, na ni binti wa Shakuru aliyechimba kisima uani kwake akakataa kukiwekea kufuli. Yeye mwenyewe, miaka ile ya vita, aliziba mlango wa nyuma kwa gogo, akaweka ndani majirani wa kila upande, akawapikia chungu kimoja. Aliyeanza kuuliza nani ni nani aliambiwa akaulizie nje, kwenye risasi. Alilea watoto wake na wa watu. Alimshikia mumewe Radjabu, fundi umeme wa magari, taa na bisibisi, mpaka akazijua waya kwa rangi kama mwingine anavyojua mchele kwa harufu. Na aliishi na ukewenza miaka mingi bila kumpiga mtu kwa mwiko, ingawa mwiko haukuwahi kuwa mbali.

Mke mwenza huyo ni Assia. Alikuwa akikaa Kinama, mtaa mwingine wa Bujumbura, chumba na sebule, na Radjabu aligawa siku zake baina ya nyumba mbili kama sheria inavyotaka. Sikuzani hakuwahi kukanyaga Kinama. Assia alikuja Buyenzi kwa Idi tu, akala, akaosha sahani yake, akaenda zake.

Basi Radjabu akafa ghafla, mikono ikiwa bado na grisi. Mjane hukaa eda nyumbani, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Lakini Assia ana ugonjwa wa sukari, anajichoma sindano kila siku, na dawa yake ya akiba inataka baridi. Kinama hakukuwa na friji. Radjabu ndiye aliyekuwa akimpelekea chupa moja moja kutoka friji ya Buyenzi. Shehe akasema dharura ni dharura, mdogo ahamie kwa mkubwa. Ndivyo wajane wawili wa mtu mmoja walivyojikuta chini ya bati moja, kila mmoja na mkeka wake.

Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Walipitishiana chumvi, wakasalimiana alfajiri, basi.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na umeme wa aina mbili. Ule wa mjini, unaokuja na kwenda upendavyo, na ule wa jua, ambao Radjabu aliufunga mwenyewe pamoja na kijana mmoja fundi, Divin. Paneli ziko juu ya bati, betri iko chini ya ngazi ya kupandia bati, na ukutani kuna inveta, ile mashine inayougeuza umeme wa betri uweze kuendesha friji. Tangu msiba, umeme wa mjini ulikuwa haujakatika, nao ukawa unajaza betri, kwa hiyo hakuna aliyeangalia juu. Kisha siku moja ukaondoka, ukakaa huko ulikoenda. Asubuhi ya pili inveta ikaanza kulia.

"Dada, ile kitu inalia," alisema Assia.

"Naisikia. Mi si kiziwi."

Sikuzani alikwenda kuisimamia. Kwenye kioo chake kidogo kuna picha ya paneli, picha ya betri na picha ya nyumba. Jua likiwaka, mshale hutoka kwenye paneli ukaenda kwenye betri. Jua lilikuwa linawaka la kupasua kichwa, na mshale haukuwepo. Pembeni ya paneli palikuwa na sifuri. Betri ilikuwa imebaki ufito mmoja, mwekundu. Muda si mrefu inveta ikanyamaza, na friji nayo ikanyamaza.

Assia alifungua mlango wa friji, akaufunga haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha mgonjwa. Chupa zake zote zilikuwa mle. Zilikuwa zimetafutwa kwa taabu mpaka ng'ambo, Uvira ya Kongo, na nyingine kama hizo zisingepatikana kwa kunyoosha mkono.

"Nimepigia Hamimu," alisema. Hamimu ni kaka yake, dereva wa matajiri wa Kinindo, na huko wanakokaa friji hazizimi. "Atakuja kunichukua baada ya alasiri. Mi na dawa yangu."

"Na eda?"

"Eda nitamalizia huko."

"Mujane hahamishwi mara mbili kama kuku, Assia."

"Sasa nifanye nini, Dada? Nikae hapa dawa ioze?"

Sikuzani akaenda mpaka mlangoni. Akampigia ukelele mama muuza samaki aliyekuwa akipita na ndoo kutoka Ruziba, ziwani, akapata barafu, akaja nayo mbio kwenye beseni. Alikuwa ameshashika chupa ya kwanza aizamishe ndipo Assia akamdaka mkono.

"Apana! Dawa ikiganda imekufa. Unataka kuniua?"

"Ningetaka kukuua ningeanza zamani, wakati nilikuwa na nguvu."

Assia akacheka. Kicheko kilimponyoka kabla hajajua, na Sikuzani akashangaa kusikia kwamba ni kicheko kizuri. Wakazifunga chupa katika kitambaa kikavu, wakaziweka ndani ya sufuria yenye mfuniko, na sufuria ndiyo ikakalishwa juu ya barafu. Hapo dawa itapata ubaridi bila kuganda. Lakini barafu ya samaki, na joto la Buyenzi, ingefika alasiri tu.

Assia akaanza kukunja mkeka wake. Sikuzani alimtazama mgongo. Miaka yote ile alikuwa akimwomba Mungu amwondolee huyu mtu, na leo mtu anakunja mkeka, na moyo haukufurahi hata kidogo. Nani mwingine alijua kwamba Radjabu alikoroma kama pikipiki iliyokataa kuwaka? Nani mwingine alijua kwamba alikuwa anaogopa paka? Watoto walimjua baba. Huyu hapa ndiye peke yake aliyemjua mume. Akiondoka, nyumba itabaki na mjane mmoja anayezungumza na ukuta.

"Weka mkeka chini," alisema. "Tumpigie Divin kwanza."

Divin alikuwa Rumonge, juu ya bati la watu, asingeweza kurudi kabla ya Jumamosi. Sauti yake ikatoka kwenye simu iliyowekwa juu ya stuli.

"Mama, pole sana. Nisikilize. Inveta si lazima iwe mbaya. Anza kuuliza: jua lake linaishia wapi njiani? Unaona kile kisanduku kati ya waya za paneli na mashine? Kile chenye swichi kubwa?"

"Nakiona."

"Swichi iko juu ao chini?"

"Iko juu."

"Ishushe, hesabu pole pole, irudishe."

Alifanya hivyo. Sifuri.

"Sasa chukua kile kipimo cha mzee Radjabu, chenye waya nyekundu na nyeusi. Kigeuze kwa umeme wa jua, upande ambao alikuwa anapimia betri ya gari, ile namba kubwa. Shika kwenye plastiki tu, Mama, chuma usiguse. Pima juu ya swichi, pale waya zinaposhuka kutoka kwenye bati."

Sikuzani alivaa miwani. Kipimo kilikuwa bado na alama za vidole vya Radjabu, nyeusi, pembeni. Hakuzifuta. Assia alisogea akamshikia tochi ya simu yake, na Sikuzani akagusa huku na huku.

"Hakuna kitu, mwanangu. Kimekufa."

"Vizuri sana!"

"Vizuri nini, na dawa ya mutu iko kwa barafu ya samaki?"

"Vizuri kwa sababu tumejua. Kama umeme ungefika hapo, ningesema mashine imeharibika. Haufiki. Basi ubaya uko juu, kwa bati. Zile paneli zimeshikana mikono, Mama, moja kwa nyingine. Moja ikiachia, zote hazileti kitu. Kuna mutu wa kupanda?"

Sikuzani aliangalia ngazi. Zamani angepanda mwenyewe na kanga imefungwa kiunoni. Lakini bati la Buyenzi ni jukwaa. Magereji yote ya mtaa yanakuona, na mjane wa eda hajionyeshi jukwaani. Basi akasimama penye ukuta, akamwita jirani yake Lisette, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge, Mkristo wa kuimba kwaya mpaka Jumatano.

"Lisette! Unaogopa kupanda bati?"

"Maman, mi nimevuka mpaka na mizigo kichwani mara ngapi? Bati ni nini?"

Akaja amevaa suruali ya mdogo wake na kandambili za mpira. Divin akatoa amri zake kwa simu: swichi kubwa ishushwe kwanza na ibaki chini. Paneli zifunikwe, maana paneli haina kulala. Jua likiiona, ina umeme. Na akanyage kwenye mstari wa misumari tu, ndipo penye mbao. Sikuzani akamrushia mablanketi mawili mazito. Mafundi wa gereji wakaanza kupiga miluzi.

"Lisette, banakutazama!" alipaza Assia kutoka uani.

"Batazame! Bakichoka batalipa kiingilio!"

Bati likalia chini ya miguu yake. Kisha: "Maman, kuna kamba hapa."

"Kamba gani?"

"Ya bluu. Imefungwa kwa mguu wa paneli, imekazwa kweli. Na hapo chini yake waya mbili zimeachana. Kile kichwa chake kimetoka."

Sikuzani na Assia walitazamana. Wote wawili waliijua kamba hiyo. Ilikuwa ya turubai la msiba. Siku ile wanaume walikuja mbio, kila mmoja akitafuta pa kufungia apate kuwafunika waombolezaji na jua, na mmoja, Mungu amlipe wema wake, aliona chuma imara juu ya bati, akafunga. Walipolivua turubai walivuta, kamba ikakataa, wakaikata, wakaenda. Hakuna aliyefikiri kwamba wamevuta na waya.

"Tumemulilia Radjabu chini ya paneli yake," alisema Assia taratibu, "na sisi ndio tumeikata."

"Tulimulilia kivulini. Kivuli nacho kilitakiwa." Sikuzani aliinua uso. "Lisette, hivyo vichwa vimeungua? Vina weusi? Vina maji?"

"Apana. Vumbi tu."

"Vikiwa vimeungua asiviunge," alisema Divin. "Kama ni safi, apanguse kwa kitambaa kikavu, asukume mpaka visikike."

Ikasikika mpaka uani: ka! Lisette akakata kamba, akaitupa chini, akaondoa mablanketi. Sikuzani akapima tena juu ya swichi, na namba zikaruka kwenye kipimo kama samaki kwenye wavu. Akapandisha swichi. Inveta ilikaa kidogo, kama mzee anayefikiri, kisha mshale ukatoka kwenye paneli, ukaanza kutembea.

Betri ilihitaji muda wa kushiba kabla friji haijaunguruma. Walingoja wameketi kwenye mikeka yao, sufuria ya dawa katikati, barafu ikiwa imebaki vipande vya kuhesabika. Friji ilipounguruma Lisette alipiga makofi, akaondoka na sahani ya ubwabwa. Hamimu alifika na gari baada ya alasiri, akakuta dada yake anapanga chupa ndani ya friji. Akanywa chai, akarudi Kinindo peke yake.

Jioni ile Sikuzani alimwita Assia mbele ya ukuta. Akamwonyesha kioo, akamwonyesha swichi, akamfundisha kushika kipimo kwenye plastiki, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akapima bila kuambiwa.

"Kila asubuhi ukimaliza kusali, unatazama mshale. Hata kama umeme wa mjini uko. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada. Mpaka eda iishe?"

"Nani amesema eda? Mi ni mutu muzima, Assia. Siku yangu itafika, na wanaume watakuja hapa na turubai lao, mbio mbio, kila mutu na kamba yake." Akamkabidhi kipimo. "Siku hiyo we usilie kwanza. Simama uani, inua macho, angalia wanafunga wapi. Mwenye kufunga kwa paneli, mukemee mpaka afungue. Ukimaliza, ndiyo ukae ulie."