Jani la Tanganyika kwenye Kaunta ya Posta

Enzi za utawala wa jeshi nilipanga foleni posta, hapa Kampala, nyuma ya mwalimu wa mimea kutoka chuo cha Kyambogo. Alikuwa anatuma majani makavu ng'ambo, kila jani limebandikwa jina lake la Kilatini. Askari aliyekagua vifurushi akagandisha kidole juu ya kibandiko kimoja: tanganyikensis.

"Wewe natuma habari ya Tanzania?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

Siku zile, kutajwa pamoja na Tanzania kulitosha kumpoteza mtu. Mwalimu akajibu, "Afande, mmea huitwa kwa mahali ulipoonwa kwanza na wataalamu. Huu nimeuchuma hapa hapa mjini, Ntinda."

"Kama natoka Ntinda, kwa nini naitwa ya Tanganyika?"

Mdomo wangu haujui kukaa. "Mwanangu, mimi naitwa Mmanyema. Nimezaliwa hapa Kyebando, na huko Manyema sijapaona hata kwa ndoto. Nawe kambini hawakuiti kwa kwenu?"

Foleni nzima ikatazama sakafu. Askari akajikuna shingo, akatabasamu upande mmoja. "Naniita West Nile." Kisha akamsukumia mwalimu kalamu. "Futa. Andika ya Uganda."

Mwalimu akaandika ugandensis, polepole kama anatia sahihi talaka. Muhuri ukagongwa.

Mlangoni akaninong'oneza, "Mama, leo nimewadanganya wataalamu wa dunia nzima."

"Utawaomba radhi kwa barua," nikamwambia. "Kwanza nenda nyumbani, mkeo akuone."