Bibi wa Ukutani

Tulipokuwa tunaishi Mikelenge, hapo Kindu, mama yangu alikuwa bado hajamwona mjukuu wake wa pekee. Yeye Kigoma, sisi Zaire, na katikati kuna ziwa zima na reli isiyo na haraka na mtu. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na aliogopa wageni ajabu. Mtu akibisha hodi kwetu, kilio kilisikika hadi mji wa jirani, Kailo.

Basi mimi, fundi baiskeli mwenye cheti cha shule ya usiku, nikabuni elimu. Nilitundika ukutani picha ya mama, ile aliyopiga studio, kilemba kichwani, amenuna kama hakimu. Kila tukila, namnyanyua mtoto: "Mkaribishe bibi." Mgongo ulipokaribia kukatika nikaishusha picha hadi usawa wa goti. Toka hapo mtoto akawa anakwenda mwenyewe. "Bibi, kula," anasema, na kumpaka wali wa mawese mdomoni. Mafuta yaliyokuwa kwenye kioo cha picha yangetosha kukaanga samaki wa mto mzima.

Ila kila picha yenye fremu ikawa bibi. Siku moja nilikwenda naye ofisi ya serikali kutafuta karatasi ya ukaazi. Akaiona picha ya Rais juu ya kichwa cha karani, akapunga mkono. "Bibi, kula."

Karani aliacha kuandika. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaitazama picha.

"Sitwayeni," aliniambia polepole, yaani ndugu raia, "huyu mutoto iko na usingizi. Mupeleke nyumbani."

Nadhani nilifika nyumbani kabla ya kivuli changu.

Hata hivyo nilimwandikia mama kwamba mjukuu anamjua na anamlisha kila siku. Akajibu kwamba anakuja Krismasi: atavuka ziwa hadi Kalemie, kisha atapanda treni.

Krismasi ilifika, treni haikufika. Serikali ilikuwa imeifuta sikukuu hiyo, kwa hiyo watu walisali alfajiri wakaenda kazini, na mimi nikashinda naziba pancha. Kila nikipata nafasi nakimbia stesheni.

"Treni iko njiani," alisema mkubwa wa stesheni.

"Njia gani, mukubwa?"

"Ile ya reli."

Mke wangu akakataza jogoo wa sikukuu asichinjwe. "Hatuli sikukuu bila mama." Jogoo akaendelea kunenepa, mpaka nikaanza kumpisha mlangoni.

Treni iliingia siku moja kabla ya Bonane, ndiyo Mwaka Mpya wa huko. Mama alishuka na vikapu vya dagaa, amekonda, hana kilemba, anacheka. Akanyoosha mikono. Mtoto alilia mpaka wachukuzi wakatua mizigo. Mama akairudisha mikono yake taratibu.

"Uliandika ananijua."

"Anakujua, mama."

Akainama kuokota vikapu vyake. Treni ya kurudi ingeondoka mara baada ya sikukuu, na shamba lake lilikuwa linamngoja.

Tulipofika nyumbani mtoto alikimbilia picha, akauficha uso wake pale. Mama akainama kutazama.

"Mmenitundika magotini? Mimi mkeka?"

"Mama, hapo njo mutoto anafika na mukono," alidakia mama jirani, aliyekuja kumsalimu mgeni. "Sisi wote tunakujua. Kwa kula mawese, hakuna anayekushinda Mikelenge nzima."

Mama alicheka kidogo. Lakini jioni yote alimtazama mtoto kwa mbali, kama mtu anayetazama chungu cha jirani.

Siku ya Bonane jogoo alipikwa, pamoja na wali na sombe, yaani kisamvu. Tukaketi. Mtoto alichota wali wake kama kawaida, akaelekea ukutani. Picha haikuwepo. Alisimama, wali unadondoka vidoleni, midomo imeanza kutetemeka. Ndipo alipoiona: mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameipakata.

Mtoto akasogea hatua, akasimama, akasogea tena. "Bibi, kula." Akakipaka kioo wali. Mama alitulia kama yule wa studio.

Mtoto alirudi kwenye sahani, akachota tena. Safari hii aliitazama picha, kisha akauinua uso na kumtazama aliyeishika. Akaitazama picha tena. Kisha mkono ukapanda, ukaenda moja kwa moja mdomoni mwa mama, karibu uingie wote hadi kiwiko.

Mama alitafuna muda mrefu, machozi yanamtoka. Mtoto alikuwa ameshakaa kwenye paja lake, juu ya picha.

"Chumvi haikukolea," mama alisema.

Mke wangu akanyanyuka kuifuata.

"Acha, mwanangu. Mwaka mzima nimekula hivihivi." Akafungua mdomo tena.