Pindo la Vidole Vinne

Saa moja kasoro asubuhi, binti wa miaka ishirini na mbili anapinda kipande cha khaki kwenye cherehani, kisha anapima pindo kwa rula. Anakunja uso. Anafumua.

"Limezidi tena?" anauliza mwenye karakana, ambaye mafundi wote humwita Mama Mkubwa.

"Limezidi, Mama. Mkono wangu hausikii."

"Umekurithi mwenyewe!"

Wanacheka, ingawa Alhamisi inayokuja si ya mchezo. Siku hiyo binti anarudia mtihani wa ufundi. Akifaulu, ataajiriwa moja kwa moja. Akianguka, atabaki kibarua wa mashati tisa kwa siku, na malipo yake, akishatoa kodi ya hosteli, hubaki ya unga na sabuni.

Mara ya kwanza aliangushwa na pindo. Mtihani unataka upana wa vidole viwili. Yeye alipinda vinne. Msahihishaji akaandika: "Anapoteza kitambaa."

Alifundishwa kushona na shangazi yake, katika kambi ya wakimbizi walikoishi miaka sita. Huko mtoto alipata sare moja, na ya pili haikujulikana ingekuja lini.

"Tuliacha kitambaa ndani, mtoto akirefuka unashusha," anasema. "Kwetu vidole viwili ni uchoyo."

Alitaka kuwa muuguzi. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba yao, na kila chuo alichobisha hodi kilivitaka.

"Nililia mpaka nikachoka. Nikajiuliza, nimetoka na nini? Nikaona nimetoka na mikono."

Kwa kuwa ana hati ya muda tu ya mwomba hifadhi, hata mtihani ulidai mdhamini. Mama Mkubwa alifunga karakana siku nzima, akapanga naye foleni ili amdhamini. Ukimsifu, anakukata kauli: "Nilikwenda kupunga upepo."

Mzazi mmoja anaingia na suruali ya shule mkononi. "Yuko wapi yule anayeacha kitambaa ndani? Mwanangu ameota miguu kama korongo!"

Binti anaipokea, anaishusha palepale, kisha anarudi kwenye khaki yake. Safari hii rula inakubali.

Kwenye hosteli anakolala kuna wasichana wawili wanaosubiri hati. Wanashinda wakitazama mlango. Mama Mkubwa amekubali watumie cherehani mbili Jumamosi mchana, binti awafundishe.

"Nikipata cheti, nitawaita," anasema. "Nisipopata..."

Anakata uzi kwa meno.

"Nitawaita tu."