Maji Aliyoacha Kuchemsha Mama

Harufu ya maji yaliyochemshwa kwa makaa, yenye moshi kidogo, ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Nengo, mtaa wa kando ya ziwa karibu na mpaka, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alivuka mpaka kila asubuhi kuuza viazi vya Kanama huko Goma, akarudi amechoka hoi, na bado jiko lilimngoja, kwa kuwa maji tuliyochota ziwani hayakufaa kunywa hivihivi. Mdogo wangu Solange alikuwa akihara damu. Vidonge vya zahanati vilimsaidia, akaanza kuomba ndizi, nasi tukapumua.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mwalimu wa biolojia aliyerudi kutoka Tanzania. Jioni moja, akimpepea Solange, alitueleza kwamba bakteria wa kuhara damu nao wana adui: virusi vidogo mno vinavyoishi humo humo majini. Kirusi kinatua juu ya bakteria, kinang'ang'ania kwa miguu yake, kinapenyeza DNA yake ndani, na ganda linabaki nje. "Ni mgeni anayeacha koti mlangoni, kisha anateka jiko lako," alisema. Bakteria anaacha shughuli zake, ananakili DNA ya mgeni, anaunda virusi vipya hadi anapasuka, navyo vinamwagika kutafuta bakteria wengine. Solange alicheka, akataka asimuliwe tena lile la kupasuka.

Mama alikuwa akipuliza makaa. "Donc, yaani hao wanatusaidia, na mi nawachemsha?"

Shangazi alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama alikuwa amechoka, na maneno yale yalimpa ruhusa ya kupumzika. Akaanza kumnywesha Solange maji ya ziwa bila kuyachemsha, kidogo kidogo, kama dawa. Kuhara kukarudi kwa nguvu. Shangazi alipojua, alikaa sakafuni, akaeleza polepole kwamba virusi hivyo huwa vichache, kila aina ina bakteria wake, na maji yaleyale hubeba bakteria pia. Solange hakupona; tulimzika huko Rugerero. Hakuna aliyemlaumu Mama, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Hata kusimulia kunanichosha.

Siku hizi bomba liko uani, na Mama, mzee sasa, bado anachemsha kila tone. Juzi redio ilieleza kwamba kuna madaktari wanaotibu wagonjwa kwa virusi vinavyoua bakteria. Nilimsikia Mama akiepua sufuria jikoni, kisha ndara zake zikija sebuleni. Nikazima redio.