Watu wa Stesheni ya Ribiti

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Hapana, nadanganya, sabini na tisa nilikuwa bado na meno yangu yote. Tuseme themanini na mbili, mwaka karakana ya reli ilipobadilisha rangi ya mabehewa na Ribiti akanuna wiki nzima.

Ribiti alikuwa fundi wa kuandika namba ubavuni mwa mabehewa, mimi seremala wa viti vya ndani. Jina hilo tulimbandika kwa sababu nyumbani alitengeneza mabehewa madogo ya bati, marefu kama kiganja, na kila ribiti, ile misumari ya kuungia bati, ya behewa la kweli ilikuwepo. Ukimwambia imezidi moja, alikupeleka karakana ukahesabu mwenyewe. Mabehewa hayo yote yalikuwa ya mizigo. Hakuwa na mke. Alikuwa na dada mmoja tu, mke wa mwokaji mikate, aliyekuja kila Jumapili kumfagilia chumba na kumsema.

"Kaka, treni zako hazina hata abiria mmoja. Zinakwenda wapi?"

"Zinabeba saruji."

Mimi ndiye niliyechochea. "Dada anasema kweli. Panua mambo kidogo, bwana. Jenga stesheni, weka watu."

Akajenga. Paa la kadibodi, miti ya vipande vya sponji, saa ya ukutani ndogo kuliko punje ya dengu. Kisha watu wa waya na udongo, hawafiki hata nusu ya kidole. Kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alikwenda kuketi stesheni ya kweli na daftari. Mtu aliyeishi miaka ishirini akitazama magurudumu, sasa alijua nani anachechemea na nani hupenda kuchelewa. Hata salamu alijifunza. Nilifurahi kama vile nimemzaa mimi.

Jumamosi moja akaniita nione kabla ya wengine. Mwisho wa jukwaa nikamwona mwokaji, shemeji yake, na upara wake na aproni yake, ameshika mkoba wa mwanamke mwenye gauni la kijani. Habari ya wawili hao niliijua. Nilikuwa nimekwenda kukarabati mabenchi ya stesheni ya kweli, nikawaona kwa macho yangu. Lakini nilinyamaza. Nikajiambia, vitu vidogo namna hii, nani atavitambua?

Jumapili majirani walijaa chumbani.

"Mbona tumbo langu umelikuza?" aliuliza mshona viatu.

"Nimelipunguza," Ribiti akasema, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dada yake naye alicheka, hadi alipoinama pale mwisho wa jukwaa.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Jina silijui. Hushuka na treni ya saa tisa kila Alhamisi. Mumeo humpokea mkoba."

Alilisema kama anayetaja idadi ya ribiti.

"Kaka, umewaona miezi yote hiyo, ukaja kuwapaka rangi?"

"Niliona mkoba," akasema. "Mengine sikuyaona."

Dada akatoka. Ndoa ilivunjika, labda ingevunjika tu, sijui. Ila hakukanyaga tena kwa kaka yake. Alihamia mji mwingine bila kuaga, na barua za Ribiti zilirudi hazijafunguliwa. Ribiti akawang'oa watu wote kwa kisu, zikabaki alama za gundi jukwaani. Akarudi kwenye mabehewa ya saruji, lakini namba akawa haziandiki.

Aliishi hivyo miaka kumi na minne. Hakunilaumu hata siku moja. Wala hakujua kwamba nilijua.

Dada alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa. Nilimfuata hadi kituo cha basi nikamweleza yote, ya mabenchi na ya ile Jumamosi. Alinisikiliza akitazama barabara. Kisha nikamuuliza jambo moja, akapanda basi bila kunijibu, na mpaka leo hakuna aliyenijibu: kama ningekunong'oneza mimi mapema, dada yangu, ungeendelea kuja kwake Jumapili?