Kadi ya Manjano ya Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini, pale hospitali ya Migwani, niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Karani Mkuu wa Rekodi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kisha akanisukumia rundo la faili za wagonjwa.

"Hesabu."

Nikapata mia moja na kumi na mbili.

"Hesabu tena."

Mia moja na kumi na moja.

"Sasa umeanza kazi," akasema.

Niwaeleze vijana, kwa maana ninyi mnabonyeza kompyuta tu. Karani wa rekodi alikuwa mtu wa dirishani. Hukumwona daktari kabla hujaniona mimi, na wengi walidhani mimi ndiye daktari, jambo ambalo sikuwa na haraka ya kulirekebisha. Nilichukua kadi yako ya kliniki, nikasoma namba, nikatoa faili yako kwenye rafu. Mahali ilipotoka niliweka kadi ngumu ya manjano inayosema faili imeenda chumba gani, na saa ngapi. Karani Mkuu alikuwa mkali sana kuhusu kadi hiyo. "Faili ikitoka bila kadi," alisema, "huyo mgonjwa umempoteza, na bado amesimama mbele yako."

Kutoka Migwani nilihamishiwa Kambu. Madereva wa malori walijiandikisha kwa jina moja wakienda Mombasa na jingine wakirudi. Huko nilijifunza kujadiliana. Mtu akisema ana haraka, nilimuuliza haraka ya saa ngapi, tukaanzia hapo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Ikutha. Jina lake naliacha, kwa sababu kosa nitakalosimulia lilikuwa langu.

Mama mmoja, Mama Mwende, alikuwa akimleta binti yake wa gredi ya nne kwenye kliniki ya kifafa kila mwezi, siku ya Jumanne. Asubuhi moja alikuja peke yake, ameshika barua ya shule na kalenda ya kanisa ya ukutani, ameikunja mara nne. Barua ilisema Mwende amekosa siku tisa muhula huo, mzazi afike Ijumaa aeleze, la sivyo mtoto arudie darasa.

"Niandikie alikuwa mgonjwa siku zote tisa," akasema. "Muhuri si uko kwako?"

"Muhuri ni wa serikali, mwaitu," nikamjibu, yaani mama kwa Kikamba. "Mimi hubeba tu. Shuleni umekuwa ukisema nini?"

"Kwamba ameenda kumwona susu, nyanya yake, anaumwa." Akatazama chini. "Susu ameugua mara tano muhula huu, na yuko mzima kuliko mimi. Wakijua mtoto huanguka, nani atakaa naye dawati moja?"

Nikamwambia siandiki kitu sijahesabu. Akakunjua kalenda. Siku ambazo Mwende alianguka alizitia alama ya makaa. Siku za kuja kwetu, alama ya kalamu. Makaa yalikuwa mawili. Kalamu zilikuwa saba.

Nikamwambia haiwezekani, muhula una kliniki tatu tu. Nikahesabu tena.

"Hizi nne," akasema kwa upole, kama mtu anayeogopa kukuaibisha, "ni zile uliniambia faili haionekani, nije kesho."

Nilikumbuka. Faili ilikuwa haionekani kwa sababu asubuhi za foleni ndefu niliichomoa mbio, nikaipeleka chumbani bila kuweka kadi. Ilikaa huko chini ya karatasi za uzito wa wagonjwa, na mimi nikamtuma mama na mtoto maili nyingi kurudi nyumbani. Kisha nikaona alama moja ya makaa imefuata siku moja baada ya mimi kusema "kesho".

"Hapa dawa ilikuwa imeisha?"

"Iliisha jana yake."

Nikahesabu mara ya tatu, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nilimwendea Afisa Msimamizi wa kituo, nikamweleza yote, hata sehemu yangu. Nikaomba watoto wa shule wa kliniki ile waonwe kwanza, kuanzia saa moja asubuhi.

"Wewe ni karani au wakili?" akauliza. "Nani atafungua saa moja?"

"Mimi. Faili zitakuwa mezani tangu jioni ya Jumatatu, na kadi kwenye rafu."

"Saa moja unusu."

"Shule inaanza saa mbili, daktari. Saa moja na robo."

Akacheka, akakubali. Mimi nilikuwa nimekuja nikitaka saa moja unusu.

Ijumaa tukaenda shuleni na Mama Mwende. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye miwani kwenye kamba, alituuliza sababu.

"Siku nane kati ya tisa," nikasema, "ugonjwa ulikuwa mimi." Nikamweleza faili, kadi na foleni zangu za Jumanne zilizokula siku nzima ya shule, bila kutaja maradhi.

"Na hiyo ya tisa?"

Nikafungua mdomo kujadiliana. Mama Mwende akanishika mkono.

"Huanguka, mwalimu," akasema. "Ana kifafa. Susu yake hajawahi kuugua."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akavuta daftari. "Mama, tungejua mapema. Akianguka akiwa darasani, tufanye nini? Sema polepole, niandike."

Mama akasema: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vilivyo karibu, msimtie kitu mdomoni, hesabuni dakika; zikizidi tano, mkimbizeni kituoni. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, mwishoni ilikuwa imenyooka. Mwende hakurudia darasa.

Nilistaafu nikampa kijana dirisha langu, na somo la kuhesabu mara mbili, ambalo alilipokea kama mtu anayepokea koti kuukuu. Sasa nina presha, nami nasimama nje ya dirisha kama wengine. Jumanne iliyopita nilifika saa mbili kasorobo. Nilichungulia benchi lote, nikarudia. Mwende hakuwepo. Moyo ukanipiga, na si presha.

"Kijana, Mwende hajaja kliniki?"

Akageuka kwenye rafu, akachomoa kadi ya manjano. "Faili iko kwa daktari tangu saa moja na robo, mzee. Mwenyewe ameshachukua dawa. Ameenda shule, anasema leo wana mtihani wa hesabu."

Nikamwomba anisomee ile kadi tena. Akaisoma tena.